Mdomo Ushafungwa, Sauti Ndiyo Yaja: Video Inapopishana na Sauti Yake

Wiki tatu baada ya harusi, fleshi yaletwa nyumbani kutoka kwa mpiga video. Mashangazi wakusanyika, laptopu yaunganishwa na tivii, wufa yawashwa. Mwanzo ni vigelegele na maua, hakuna anayeona kasoro. Ikifika nikaha, "nimekubali" ya bwana harusi yasikika wakati mdomo wake ushafungwa kitambo. Sheikh naye aonekana amenyamaza, huku khutba yake yaendelea nyuma kama abiria aliyeachwa na feri. Hapo lawama zaanza: mpiga video hajui kazi, laptopu mbovu, fleshi bandia.

Kawaida yetu ni kuichukua fleshi na kuipeleka kwa fundi. Nina neno juu ya hilo kabla ya jingine lolote. Fleshi ya harusi ya pwani haina nikaha peke yake. Ina kupamba, ina ndani kwa wanawake, mabinti na wake za watu bila buibui, waliojiachia kwa sababu waliambiwa hapana mwanamume. Ndiyo maana mpiga video wa upande ule alitafutwa mwanamke. Sasa fleshi ile ile yaenda kukaa siku nne kwenye kompyuta ya kijana wa mtaani, yanakiliwa "ili ifanyiwe kazi", na hakuna anayeuliza nakala itafutwa lini. Simtuhumu fundi yeyote. Nasema tu kwamba hitilafu yenyewe, mara nyingi, ni ya dakika kumi, na yeyote nyumbani anayejua kubonyeza kitufe aweza kuimaliza bila fleshi kuvuka mlango.

Diploma yangu ni ya kompyuta, si ya uhandisi wa sauti. Lakini miaka mingi nimeletewa laptopu za aina hii kutoka Mtongwe, Mshomoroni, Chaani na kwengineko, na karibu zote zaingia katika mafungu matatu. Ukijua fungu, dawa yajileta yenyewe. Usipojua, utaambiwa "ifomati kompyuta", utoe pesa zako, urudi nyumbani mdomo na sauti viko vile vile.

Tuanze na kilichomo ndani ya faili. Picha na sauti si kitu kimoja. Ni mikondo miwili iliyofungwa kwenye furushi moja, na furushi hilo ndilo unaloona likiitwa MP4, MKV au AVI. Kila kipande cha picha na kila kipande cha sauti hupigwa muhuri wa wakati: wewe onyeshwa sasa, wewe sikika baada ya hapo. Programu ya kuchezea video husoma mihuri hiyo na kuvipanga. Kiwango cha kwanza cha MPEG, kilichochapishwa mwaka 1993, kilitumia kwa kazi hii saa inayopiga mara 90,000 kwa sekunde moja. AVI ya Microsoft ni ya mwaka 1992 na haina muhuri kwa kila fremu. Yenyewe huhesabu tu fremu zilizopita na kudhani mwendo haukubadilika. Fremu zikipotea njiani, hesabu imeharibika na AVI haina habari. Ukiwa na harusi za zamani kwenye AVI, usishangae zikiongoza kwa kasoro hii.

Jambo la pili la kujua ni kwamba programu nyingi za kompyuta huifanya sauti kuwa imamu na picha kuwa maamuma. Sauti hutiririka kwa mwendo wake, na picha huambiwa ifuate. Sababu yake ni sikio. Sauti ikikatika hata kidogo sikio lasikia mkwaruzo papo hapo, ilhali jicho husamehe fremu moja iliyorukwa. Kwa hiyo kompyuta ikilemewa, sauti huendelea sawasawa na picha ndiyo huburuta miguu. Ukiona picha yakwama kisha yaruka mbele kuiwahi sauti, maamuma yule amezidiwa. Faili laweza kuwa zima kabisa.

Sikio nalo halichukulii makosa yote sawa. Mtazame fundi mawe akigonga ukiwa mbali naye kidogo: waona nyundo yashuka, kisha ndipo wasikia mlio. Sauti husafiri mita 340 hivi kwa sekunde, na kwa joto letu la Mombasa yakaribia 350, ilhali nuru hufika papo hapo. Tangu utoto tumezoea sauti kuchelewa. Sauti kuitangulia picha haipo katika maumbile, ndiyo sababu twaigundua upesi. Shirika la kimataifa la mawasiliano, ITU, liliandika katika mwongozo wake wa mwaka 1998 kwamba mtazamaji huanza kugundua sauti ikitangulia kwa milisekunde 45, lakini ikichelewa hustahimili mpaka kama 125. Milisekunde ni sehemu moja ya elfu ya sekunde. Fremu moja ya video ya kamera zetu, zinazopiga fremu 25 kwa sekunde, ni milisekunde 40. Kwa hiyo sauti ikitangulia kwa fremu mbili tu, shangazi aliyekaa mbele atauliza kuna nini.

Wala si suala la urembo. Mwaka 1976 wataalamu wawili, Harry McGurk na John MacDonald, walionyesha kwamba jicho hubadilisha kile sikio linachosikia: mtu akionyeshwa mdomo unaotamka silabi moja na kusikizishwa nyingine, mara nyingi husikia silabi ya tatu isiyokuwapo. Bibi mwenye masikio mazito husoma midomo bila yeye mwenyewe kujua. Mwekee darsa ambayo sauti imechelewa nusu sekunde, atakwambia sheikh wa siku hizi hasemi yakafahamika.

Sasa twende kwenye mafungu. Usiguse kitu kwanza. Tafuta kwenye video mahali penye kishindo kinachoonekana: mkono ukipiga dufu, mtu akipiga kofi, kikombe kikiwekwa mezani. Tazama kishindo kimoja mwanzoni, kimoja katikati, kimoja mwishoni. Swali ni moja tu: tofauti ni ile ile kote, au yaongezeka, au yaja na kuondoka?

Ikiwa ni ile ile tangu mwanzo hadi mwisho, umepata fungu jepesi. Sauti au picha yacheleweshwa na njia inayopita. Mshukiwa wa kwanza siku hizi ni spika ya Bluetooth. Sauti haiwezi kurushwa hivi hivi: laptopu huibana, huirusha, spika huipokea, huifungua, huweka akiba kidogo isije ikakatika, ndipo ipige. Safari hiyo kwa spika za kawaida yafika milisekunde 150 hadi 250, na ushaona hapo juu kwamba subira ya sikio yaishia 125. Jaribio lake ni rahisi: zima Bluetooth, sikiliza kwa spika ya laptopu yenyewe. Tofauti ikitoweka, faili halina kosa, na waya wa shilingi chache utamaliza maneno.

Mshukiwa wa pili ni tivii, na huyu wengi hawamdhanii. Nyumba nyingi picha huenda kwenye tivii kwa waya wa HDMI, na sauti huchomolewa kwenye tundu la spika za masikioni la laptopu ikaenda moja kwa moja kwenye wufa. Tivii za kisasa hazionyeshi picha zilivyoipokea. Huilainisha, huinyoosha, huiongezea rangi, na kazi hiyo yachukua muda. Sauti haikupita huko, basi yafika kwanza, na kutangulia ndiko kusikostahimilika. Ingia kwenye mipangilio ya tivii utafute hali ya michezo ya kompyuta. Hali hiyo huondoa sehemu kubwa ya mapambo na picha yawahi. Au chomoa waya wa wufa kwenye laptopu uuchomeke kwenye tundu la sauti nyuma ya tivii. Tivii itaizuia sauti hadi picha iwe tayari, zitoke pamoja.

Ikiwa njia ni safi na tofauti bado ipo, basi imo ndani ya faili. Mhariri alipounganisha picha na sauti aliteleza kidogo. Hapo fungua video kwa VLC, programu ya bure isiyokutaka uandikishe jina wala namba. Kwenye Windows na Linux, herufi K hucheleweshea sauti milisekunde 50 kila unapoibonyeza, na J huivuta mbele kwa kiasi hicho hicho. Sauti yatangulia mdomo? K, K, K mpaka vioane. Yachelewa? J. Kwenye Mac herufi ni nyengine, lakini mahali pa kurekebisha kwa namba papo kote, paitwapo Track Synchronization: kwenye Windows na Linux pamo ndani ya menyu ya Tools. VLC ya simu za Android nayo ina kipengele hicho, hivyo hata asiye na kompyuta hakukosa. Hesabu ulibonyeza mara ngapi. Mara nane ni milisekunde 400, na namba hiyo utaihitaji baadaye, kwa sababu VLC haikugusa faili. Kesho ukifungua tena, utaanza upya.

Fungu la pili ndilo linalonikalisha usiku. Mwanzo sawa kabisa, katikati kidogo, mwisho bwana harusi akila keki twasikia kasida ya kuingia ukumbini. Tofauti inayokua yamaanisha saa mbili zisizokubaliana. Hapa J na K hazitibu, maana ukirekebisha sasa, baada ya dakika kumi zimeachana tena. Lakini zaweza kupima, na kipimo ndicho kitakachokutajia mkosaji.

Fanya hivi. Dakika ya tano oanisha kwa J au K, kisha nenda dakika ya 65 uoanishe tena, uhesabu mibonyezo. Tuseme ni 72. Mara 50 ni milisekunde 3,600, yaani sekunde 3.6 katika saa moja. Namba hiyo ina mwenyewe. Televisheni ya Marekani haikupiga fremu 30 kamili kwa sekunde bali 29.97, tangu rangi zilipoingia mwaka 1953, na kamera nyingi na simu hufuata hesabu hiyo mpaka leo. Mhariri akiiambia programu yake kwamba ni 30 kamili, picha yakimbia kwa sehemu moja ya elfu, na sehemu moja ya elfu ya saa ni sekunde 3.6. Ukipata tofauti ya zaidi ya dakika mbili kwa saa, mkosaji ni 24 na 25: filamu hupigwa fremu 24, televisheni yetu hutumia 25, na saa moja ya filamu ikichezwa kwa 25 yaisha dakika mbili na sekunde 24 mapema. Na kama ni kama dakika tano kwa saa, huku sauti ya sheikh imekuwa nzito kama ya mtu aliyeamshwa usingizini, basi sauti ilirekodiwa kwa sampuli 48,000 kwa sekunde ikachezwa kama 44,100. Ikiwa nyembamba kama ya kinda, ni kinyume chake. 44,100 ni kipimo cha CD za muziki, 48,000 cha video, na anayechanganya sauti ya kinasa kimoja na picha ya kamera nyengine hukutana navyo kila siku.

Tofauti ndogo sana, tuseme chini ya nusu sekunde kwa saa, mara nyingi si kosa la mtu. Kila kifaa kina saa yake ya ndani na hakuna mbili zinazolingana kamili. Zikitofautiana kwa sehemu 50 katika milioni, baada ya saa moja zimeachana kwa milisekunde 180. Kwa klipu ya dakika tatu hutaona kitu. Kwa maulidi ya saa nne, utaona.

Halafu iko simu, na simu ndiyo mkosaji mkubwa wa zama hizi, kwa kuwa nusu ya harusi zetu zarekodiwa kwayo. Kamera halisi hupiga fremu kwa mwendo mmoja. Simu hubadilisha mwendo wake kulingana na mwanga na joto. Kwenye ukumbi wenye taa hafifu huacha kila fremu ikae wazi muda mrefu ili ipate mwanga, na fremu zapungua. Nje mchana zarudi kama kawaida. Muhuri wa wakati wa kila fremu uko sahihi, kwa hiyo kwenye simu yenyewe video yacheza vizuri. Msiba waja ikiingizwa kwenye programu ya kuhariri inayodhani fremu ni 30 tangu mwanzo hadi mwisho. Ndiyo sababu utasikia, "mbona kwenye simu ilikuwa sawa?" Dawa yake ni kuipitisha kabla ya kuhariri kwenye HandBrake, nayo ni ya bure, na pale kwenye mipangilio ya video uchague Constant Framerate. Programu itanakili fremu pale zilipopungua, mwendo uwe mmoja, na mhariri hatadanganywa tena.

Nisisahau kaseti. Nyumba nyingi za kwetu zina VHS za miaka ya themanini na tisini ndani ya kabati, na humo mna sauti za watu ambao tushawazika. Watu wameanza kuzihamishia kwenye kompyuta, na hapa kupishana hutokea kwa sababu mbili. Ya kwanza, picha huingia kwa kifaa kimoja na sauti kwa tundu la maiki la laptopu: saa mbili tena. Ingiza zote mbili kwa kifaa kimoja cha USB. Ya pili ni unyevu wetu wa pwani. Utepe ukishika ukungu, picha hukatika kwa nukta nukta, kompyuta hukosa fremu hizo, lakini sauti huendelea kuingia. Matokeo yake picha huwa fupi kuliko sauti na kuzidi kuitangulia, si kwa mwendo laini bali kwa kuruka: sawa dakika saba, kisha puu, imeachana nusu sekunde, sawa tena dakika tatu, imeruka tena. Usijaribu kunyoosha video nzima kwa namba moja. Ikate pale iliporuka, uoanishe kila kipande peke yake. Ni kazi ya subira. Na mkanda wenye ukungu usiuchezeshe mara tano tano ukitafuta bahati, kwani kila mara unapopita kwenye kichwa cha deki huchubuka, na ukungu huachwa mle kuambukiza kaseti inayofuata.

Fungu la tatu: mara ziko sawa, mara hazipo, mara picha imesimama na khutba yaendelea. Hili ni la mashine. Simu mpya hurekodi kwa mtindo wa H.265, uliotolewa mwaka 2013, ambao hubana video ikae mahali padogo lakini kuifungua kwataka nguvu. Laptopu nyingi tunazonunua mjini ni zilizotumika Ulaya, na za Intel za kabla ya kizazi cha sita cha mwaka 2015 hazina sehemu maalumu ya kutosha ya kuufungua mtindo huo. Kazi yote yaangukia kichakataji. Ongeza vumbi la chumvi lililoziba feni na joto la mwezi wa pili, na kichakataji chajipunguzia kasi ili kisiungue. Umeme ukipotea, laptopu yaingia kwenye hali ya kubana betri, na video iliyokuwa yaenda vizuri yaanza kuchechemea papo hapo.

Hapa nenda kwa mpangilio. Nakili faili kutoka kwenye fleshi hadi kwenye diski ya ndani. Chomeka chaja na uondoe hali ya kubana umeme. Funga kivinjari na vichupo vyake ishirini. Kwenye VLC, ingia Tools, Preferences, kisha Input / Codecs, na ubadilishe Hardware-accelerated decoding: ikiwa imezimwa iwashe, ikiwa imewashwa izime, kwani kuna laptopu zinazofanya vibaya kwa kila upande. Zikishindikana zote, ipitishe video kwenye HandBrake uitoe kwa H.264, ambao laptopu kongwe zaufahamu, na upunguze ukubwa hadi 720. Itachukua usiku mzima. Iache ikiwa imechomekwa. Na kwa wale wa simu: kwenye mipangilio ya kamera yako mna mahali pa kuchagua H.264 kabla hata ya kurekodi. Kuhusu kupakua furushi la kodeki kutoka tovuti usiyoijua, kama vijana wanavyoshauriana, mimi sikushauri. VLC yabeba kodeki zake ndani, na mafurushi yale mengine mara nyingi yaja na wageni wasioalikwa.

Video ya intaneti ikipishana, simamisha, vuta nyuma kidogo, au shusha ubora kutoka 1080 hadi 480. Haina zaidi.

Turudi kwa faili lenye tofauti isiyobadilika, ambalo ulishapata namba yake kwa J au K na wataka likae sawa daima, hata kwa tivii ya jamaa. Programu ya bure ya MKVToolNix yafanya hivyo bila kugusa ubora wa picha: ingiza video, chagua mstari wa sauti, andika namba yako kwenye kisanduku cha Delay, 400 ikiwa sauti yapaswa kungoja au -400 ikiwa yapaswa kuwahi, kisha toa faili jipya. Kwa ile tofauti ya sekunde 3.6 kwa saa, pana kisanduku cha Stretch by. Chagua mstari wa picha, si wa sauti, uandike 1001/1000. Anayependa kuandika amri aweza kutumia FFmpeg:

ffmpeg -i harusi.mp4 -itsoffset 0.4 -i harusi.mp4 -map 0:v -map 1:a -c copy harusi2.mp4

Hiyo yachelewesha sauti kwa sekunde 0.4. Sehemu ya -c copy ndiyo muhimu, yaani nakili tu, usibane upya. Kila video inapobanwa upya hupoteza kitu kisichorudi. Na faili la asili usilifute kamwe, hata baada ya jipya kuwa zuri. Liweke kwenye fleshi yake, ndani ya nyumba.

Jambo jengine lanitia wasiwasi kuliko harusi. Klipu ya mawaidha au ya mwanasiasa yazunguka kwenye WhatsApp, mdomo na sauti havioani, na kabla ya adhuhuri watu wameshakata hukumu: imechezewa, si maneno yake. Labda ni kweli. Lakini klipu ile ilirekodiwa na simu yenye fremu za kupanda na kushuka, ikakatwa na programu ya bure, ikabanwa na WhatsApp, kisha wewe waisikiliza kwa Bluetooth. Sababu nne za kupishana, hakuna hata moja ya uongo. Kinyume chake pia chafaa kushikwa: sauti ya bandia siku hizi yaweza kuoanishwa na mdomo barabara. Kupishana si ushahidi wa kughushi, na kuoana si ushahidi wa ukweli. Isikilize kwanza kwa waya. Tofauti ikibaki ile ile mwanzo hadi mwisho, kuna uwezekano mkubwa ni ya njia au ya kubanwa. Ikiruka katikati ya sentensi, hapo ndipo pa kutafuta klipu ndefu ya asili kabla ya kusambaza.

Kwa anayeandaa harusi baada ya Idi, mwambie mpiga video mambo haya kabla hujalipa arubuni: kamera na simu zote ziwekwe kwenye fremu 25, kinasa sauti kiwekwe kwenye 48,000, na kabla ya kila kipindi mtu asimame mbele ya kamera apige kofi moja kubwa. Kofi hilo laonekana kwenye picha na lasikika kwenye sauti, hivyo mhariri ana alama ya kuoanisha hata vifaa vikiwa vitano. Kwa shughuli ndefu apige jengine mwisho, ili ijulikane kama saa zimeachana njiani. Upande wa wanawake, mpe kazi hiyo mtoto mmoja, watapenda. Mhariri atayakata makofi baadaye na waalikwa hawatayaona.